Mgeni Siku Mbili, Siku ya Tatu Mpe Jembe: Juma la Kwanza la Mwanafunzi katika Ofisi ya Uhusiano

Kila mwaka, vyuo vinapofunga kwa likizo ndefu, vyama vyetu hupokea vijana wanaokuja kufanya mafunzo kwa vitendo. Wengi wao husomea uhasibu, ugavi, kilimo au sheria. Miongoni mwao siku hizi wamo pia wanaosomea kazi ya uhusiano kwa umma, na hao ndio ambao mara nyingi viongozi wa vyama hawajui wawape kazi gani. Mwanafunzi wa uhasibu hupewa vitabu vya hesabu, na wa kilimo hupelekwa shambani. Huyu wa uhusiano hupewa kamera apige picha za wageni, au huwekwa karibu na mlango awaonyeshe watu njia ya kwenda kwa mhasibu. Majuma hupita, ripoti ya chuo huandikwa, kijana huondoka, na chama hakikufaidika kwa lo lote.

Makala hii yakusudia kuwaeleza viongozi na wanachama wa vyama vya msingi namna juma la kwanza la mwanafunzi wa aina hiyo lipasavyo kwenda. Tumelichagua juma la kwanza kwa makusudi, kwa kuwa ndilo ambamo kijana hufahamu anamtumikia nani. Akilifahamu vibaya jambo hilo mwanzoni, ni kazi kubwa kumgeuza baadaye. Mifano yetu tumeitoa katika vyama vya wakulima wa kahawa, lakini wenzetu wa pamba, korosho na tumbaku, na wale wa akiba na mikopo, wataona kwamba shabaha ni ile ile.

UHUSIANO NI KAZI GANI?

Watu wengi hudhani kwamba Afisa Uhusiano ni mtu wa kusifu: kazi yake ni kuandika kwamba mambo ni mazuri, na yanapokuwa mabaya, kutafuta maneno ya kuyafunika. Dhana hiyo haikuzuka bure. Katika historia ya kazi hii zimekuwapo njia mbili, na yafaa mwanafunzi azijue zote tangu mapema.

Njia ya kwanza ni ya uwazi. Mwaka 1906 huko Marekani, Ivy Lee, ambaye awali alikuwa mwandishi wa magazeti, aliajiriwa na wenye migodi ya makaa ya mawe wakati wa mgogoro wao na wafanyakazi. Aliwapelekea wahariri tamko akieleza kwamba kazi ya ofisi yake itafanywa waziwazi, kwamba habari atakazozitoa zitakuwa sahihi, na kwamba mhariri ye yote akitaka kuzihakikisha atasaidiwa. Tamko hilo huhesabiwa kuwa miongoni mwa misingi ya kwanza ya kazi ya uhusiano.

Njia ya pili ni ya hila. Mwaka 1929, katika matembezi ya sikukuu ya Pasaka mjini New York, wanawake kadhaa walivuta sigara hadharani, jambo ambalo wakati huo lilikuwa la aibu kwa mwanamke. Ilionekana kana kwamba walikuwa wakidai haki zao, na magazeti yakaandika hivyo. Wasomaji hawakuambiwa kwamba mambo yote yalipangwa na Edward Bernays, mtaalamu wa uhusiano aliyekuwa akifanya kazi kwa niaba ya kampuni ya sigara iliyotaka kupata wateja wapya.

Kampuni ya watu binafsi yaweza kushawishika kuifuata njia ya pili, kwa sababu mwenye kampuni ni mmoja na mteja ni mwingine. Katika ushirika mambo si hivyo. Mwanachama ndiye mwenye mali, ndiye mteja, na ndiye mpiga kura katika mkutano mkuu. Anayemficha mwanachama habari za chama chake amemficha mwenye nyumba habari za nyumba yake. Ndiyo maana Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika, ulipotoa tamko lake la mwaka 1995 mjini Manchester lenye misingi saba ya ushirika, uliutaja msingi wa tano kuwa ni elimu, mafunzo na habari. Kutoa habari, basi, ni miongoni mwa misingi yenyewe ya ushirika, sawa na uongozi wa kidemokrasi na uanachama wa hiari.

KWA NINI JAMBO HILI NI ZITO KWETU

Historia ya ushirika katika nchi yetu yaonyesha wazi kwamba habari na mizani ni ndugu. Katika Usukuma, mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba walichoshwa na mizani ya wanunuzi. Wakajichagulia wapimaji wao wenyewe, wakasimama mahali pa kuuzia na kuhakiki uzito wa kila mzigo. Kutokana na juhudi kama hizo vilikua vyama ambavyo mwaka 1955 viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mashuhuri. Watu walijiunga kwa sababu walitaka kujua ukweli wa jasho lao.

Mkoani Kilimanjaro tuna fundisho la upande wa pili. Chama kikuu cha KNCU kilianzishwa mwaka 1933. Miaka minne baadaye, mwaka 1937, bei ya kahawa ilikuwa chini na malipo ya wakulima yakawa madogo. Wakulima walitakiwa kuuza kahawa yao kupitia chama, na wengi wao wakawa wanazishuku hesabu zake. Hasira zikageuka fujo, na baadhi ya maghala ya kununulia kahawa yakashambuliwa. Bei ya dunia haikuwekwa na chama. Lakini mkulima aliyekuwa na shaka moyoni hakuwa na sababu ya kutofautisha kati ya soko la mbali na karani aliyesimama mbele yake.

Siku hizi mwanachama mwenye mashaka aghalabu hafanyi fujo. Hunyamaza, kisha huuza mazao yake pembeni. Huko Kagera wanayo butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa; na katika mikoa ya kusini kuna kangomba katika biashara ya korosho. Hapana shaka kwamba shida ya fedha ndiyo inayowasukuma wengi. Hata hivyo, asiyejua chama kitamlipa nini, lini na kwa hesabu ipi, hushawishika upesi zaidi na mtu anayemwonyesha noti mkononi. Kwa hiyo maelezo mabaya, au kukosekana kwa maelezo, huweza kukigharimu chama magunia ya mazao. Hilo ndilo lililo katika mizani tunapomkabidhi kijana kalamu ya chama.

SIKU YA KWANZA: KUMPOKEA

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo yatupa mpango mzuri kabisa wa juma hili.

Jumatatu mwanafunzi afike na barua ya utambulisho kutoka chuoni, na barua hiyo iwekwe katika jalada lake. Apelekwe kwa meneja, kisha kwa kila ofisi, aonane na mhasibu, mtunza ghala, karani wa mizani, dereva na mlinzi. Mlinzi asirukwe, maana yeye ndiye husikia maneno ya wanachama wanapotoka ofisini, na maneno ya kutokea mara nyingi ni ya kweli kuliko ya kuingilia.

Siku hiyo hiyo aelezwe mipaka. Habari za mkopo wa mwanachama, deni lake, ugonjwa wake au mirathi yake si habari za kutangazwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yakataza kuzitumia ovyo taarifa za mtu. Hata picha ya mwanachama akipokea malipo isipigwe wala kusambazwa kabla ya yeye mwenyewe kuridhia. Kijana wa leo ana simu yenye kamera mfukoni, na kwake kupiga picha na kuituma ni jambo la dakika moja. Ni vema asikie katazo hilo kabla hajalivunja.

SIKU YA PILI: KUSOMA

Jumanne mwanafunzi asome. Apewe masharti ya chama, kumbukumbu za mkutano mkuu uliopita, makisio ya mwaka, na taarifa ya ukaguzi wa hesabu, ambayo kwa vyama vingi hutolewa na Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO. Aijue pia Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, ambayo ndiyo iliyoiunda Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Na ajue kwa ufupi tulikotoka, ikiwa ni pamoja na habari ya vyama vikuu kuvunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, kwa maana wazee atakaokutana nao wanayakumbuka hayo, nao hupima ahadi za leo kwa yale waliyoyaona.

Asisome kama anayejiandaa kwa mtihani. Apewe maswali ya kutafutia majibu humo: Nani mwenye mamlaka ya kuweka ukomo wa madeni? Ushuru wa chama ni kiasi gani kwa kilo, na ulipitishwa na mkutano upi? Mwanachama akifariki, fedha zake hulipwa nani? Mkaguzi alitoa hoja zipi, na bodi ilizijibu vipi? Mwanafunzi anayeweza kuonyesha kwa kidole ukurasa wenye jibu ameanza kuwa mtu wa kufaa.

SIKU YA TATU: JEMBE

Jumatano ugeni umekwisha. Mwanafunzi apelekwe katika chama cha msingi siku ya kupokea kahawa, na jembe lake ni daftari na kalamu. Kazi yake siku hiyo ni moja: kusikiliza na kuandika. Asitoe hotuba wala asipige picha, na asijibu neno asilolijua.

Lakini kwanza ajue kusalimu. Kijana aliyetoka chuoni na kuanza kuuliza maswali kabla ya kumwamkia mzee kwa shikamoo, na kabla ya kumwuliza mama hali ya nyumbani, hataambiwa kitu cha maana hata akikaa kutwa. Ajitaje jina, aseme ametoka chuo gani, na aeleze wazi kwamba yeye ni mwanafunzi, ameletwa na ofisi kusikia maswali ya wanachama, na kwamba majibu yataletwa.

Asimame karibu na mizani aone kazi inavyokwenda. Ataona kahawa ya maganda ikipimwa unyevu kabla ya kupimwa uzito, kwa sababu kahawa inayopokelewa yapasa iwe imekauka hadi kubaki na unyevu wa kiasi cha asilimia 11 au 12. Ikizidi hapo huweza kuota ukungu ghalani na kuharibu hata ile ya wenzake. Ataona karani akiandika stakabadhi, na mwanachama akiitazama kwa makini, au akiikunja bila kuitazama. Hayo yote ni habari.

Kisha aandike maswali kama yanavyosemwa, kwa maneno ya msemaji mwenyewe, bila kuyapamba. Kwa kawaida maswali hayo hufanana mahali pengi:

"Kahawa yangu imerudishwa kwa unyevu, ya jirani yangu imepokelewa. Kwa nini?"

"Redio imetaja bei kubwa ya kahawa, mbona sisi twalipwa ndogo?"

"Tulipeleka kilo nyingi, lakini kwenye taarifa ya mauzo zimeandikwa chache. Nyingine zimekwenda wapi?"

"Malipo ya pili yatatoka lini?"

"Mume wangu amefariki, na kahawa iliandikwa kwa jina lake. Fedha nitachukua mimi, au nani?"

Hakuna hata moja kati ya maswali hayo linalojibiwa kwa sifa. Yote hujibiwa kwa hesabu, kwa tarehe, au kwa kifungu cha masharti. Mwanafunzi akirudi jioni na maswali kumi ya namna hiyo katika daftari lake, amejifunza kazi ya uhusiano kuliko kama angekaa juma zima akibandika picha ukutani.

SIKU YA NNE: KUTAFUTA JIBU

Alhamisi mwanafunzi awapelekee wahusika maswali yale ofisini. Hapa ndipo Afisa Uhusiano anapopaswa kumsimamia kwa karibu, maana mhasibu mwenye shughuli nyingi huweza kumwambia kijana, "Waambie wasubiri." Hilo si jibu, na mwanafunzi afundishwe kuuliza tena kwa adabu mpaka apate tarehe, kiasi au sababu.

Tuchukue swali la kilo zilizopungua. Mwanachama huleta kahawa ya maganda, lakini mnadani huuzwa kahawa safi, yaani iliyokobolewa. Ganda likiondolewa uzito hupungua kwa kiasi cha moja ya tano. Kilo 1,000 za kahawa ya maganda iliyokauka vema hutoa takriban kilo 800 za kahawa safi. Kilo 200 zilizobaki hazikuliwa na mtu, ni maganda. Lakini ikiwa chama kilichopeleka kilo 1,000 kimerudishiwa hesabu ya kilo 700, basi wanachama wana haki ya kuuliza, na ofisi ina wajibu wa kuchunguza: je, kahawa ilikuwa na unyevu mwingi, au ilikuwa na mbovu nyingi, au kuna kosa katika mizani au vitabu? Anayeijua hesabu hii huweza kuondoa shaka isiyo na msingi, na pia huweza kuitambua shaka iliyo na msingi. Yote mawili ni utumishi kwa mwanachama.

Sasa tutazame swali la bei ya redioni. Katika soko la New York bei ya kahawa ya Arabika hutajwa kwa senti za Marekani kwa ratili moja. Tuseme, kwa mfano tu, redio imetaja senti 200. Kilo moja ni sawa na ratili 2.2, kwa hiyo bei hiyo ni senti 440, yaani dola 4.40 kwa kilo ya kahawa safi. Mkulima akiisikia hudhani ni bei ya kilo aliyoibeba yeye. Lakini kilo yake ni ya maganda, nayo hutoa gramu 800 tu za kahawa safi. Dola 4.40 mara 0.8 ni dola 3.52. Tena bei hiyo ni ya kulinganishia. Kahawa ya chama huweza kuuzwa juu yake au chini yake kwa kadiri ya ubora na daraja lake. Kisha zipo gharama za kukoboa, usafirishaji, magunia, ushuru uliopitishwa, na marejesho ya mkopo wa pembejeo kama upo. Kila moja ya gharama hizo yapasa iandikwe kwa jina lake na kiasi chake. Neno "makato mengineyo" lisionekane katika taarifa ya mwanachama, maana humo ndimo shaka hupata makao.

Na swali la mjane? Jibu lake mwanafunzi alilisoma Jumanne. Masharti ya vyama vingi humtaka mwanachama amtaje mrithi wake katika daftari la wanachama. Basi na atazame daftari. Pengine ataona kwamba marehemu alimtaja mkewe, na jambo hilo laweza kumalizwa bila safari nyingi za kwenda na kurudi. Pengine ataona kwamba nafasi ya mrithi iko wazi, si kwa marehemu huyo peke yake bali kwa wanachama wengi. Hapo swali la mama mmoja litakuwa limekifumbulia chama kazi ya kufanya kabla ya mkutano mkuu ujao, nayo ni kuwahimiza wote wajaze nafasi hiyo wangali hai.

Alasiri mwanafunzi aandike majibu, nusu ukurasa, basi. Rasimu ya kwanza ya mwanafunzi huwa aghalabu ya namna hii: "Chama chenu kinaendelea kupata mafanikio makubwa katika kuwahudumia wakulima kwa ari na moyo wa kujituma." Afisa Uhusiano aipige mstari sentensi hiyo, kisha amwulize, "Mwanachama akishaisoma hii, anajua nini ambacho jana hakukijua?" Rasimu ya pili iwe ya namna hii: "Kahawa mliyoleta imekwisha kobolewa. Kati ya kila kilo 100 za maganda zimepatikana kilo 80 za kahawa safi. Gharama zote zimebandikwa katika ubao wa matangazo, na mwanachama ye yote anaweza kuja kuziona vitabuni." Maneno ni machache, lakini kila neno lina uzito.

SIKU YA TANO: KURUDISHA JIBU

Ijumaa mwanafunzi arudi kule kule alikochukua maswali. Siku hii isiachwe kwa kisingizio cha usafiri. Swali likichukuliwa na jibu lisirudi, mwanachama huona kwamba ameulizwa kwa kufanyiwa mchezo, na siku nyingine hatasema kitu.

Kabla ya kubandika taarifa, mwanafunzi awasomee wanachama wawili au watatu, kisha awaombe wamweleze kwa maneno yao walivyoelewa. Wakieleza vingine, kosa ni la taarifa, wala si la wasikilizaji. Basi irekebishwe papo hapo. Halafu ibandikwe ubaoni, isomwe kwa sauti kwa ajili ya wale ambao macho yao yamechoka au hawakusoma, na ipelekwe katika kundi la simu la wanachama ikiwa lipo. Redio ya jamii nayo ni chombo kizuri. Nchi hii ina uzoefu mkubwa wa kufundishana kwa redio. Kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima katika vikundi vya kusikiliza na kujadiliana vijijini kote. Nguvu yake ilikuwa katika mambo mawili kwa pamoja: kusikiliza redio, kisha kukaa na kuzungumza. Ujumbe wa simu peke yake, usio na mtu wa kuulizwa, hufanya nusu tu ya kazi.

Siku hiyo pia mwanafunzi ajizoeze maneno matatu yaliyo magumu kwa msomi: "Sijui, nitauliza, nitarudi." Akiulizwa bei ya mwezi ujao, asibashiri. Akiulizwa siku ya malipo ya pili, na ofisi haijaiweka, aseme kwamba haijawekwa, na aseme itajulikana baada ya jambo gani, kwa mfano baada ya fedha za mnada kuingia benki. Ahadi ya kijana wa mafunzo, ikisemwa mbele ya wanachama, huhesabiwa kuwa ahadi ya chama. Yeye atarudi chuoni; ahadi itabaki na katibu.

MAMBO YA KUEPUKA

Yapo matumizi mawili mabaya ya mwanafunzi ambayo hatuna budi kuyataja. La kwanza ni kumfanya mpiga ngoma wa viongozi. Bodi inayokaribia uchaguzi isimtumie kijana kuandika sifa zake kwa gharama ya chama. La pili, lililo baya zaidi, ni kumsukuma mbele kunapokuwa na tatizo. Fedha zikichelewa, au ghala likikutwa na upungufu, wa kusimama mbele ya wanachama ni mwenyekiti na meneja. Mwanafunzi aweza kusaidia kuandika taarifa, lakini asiwe ngao. Kumpa kijana wa miaka ishirini na miwili kazi ya kusema uongo wa watu wazima ni kumharibia maisha yake, na ni kuiharibu kazi ambayo kesho twamtegemea aifanye kwa uaminifu.

WAJIBU WA VYAMA VYA MSINGI

Kwa muhtasari, chama cha msingi kinachotaka kufaidika na mwanafunzi wa uhusiano kifanye yafuatayo:

1. Kiteue mtu mmoja wa kumsimamia, ambaye atalisoma na kulitia sahihi daftari lake la kazi kila siku.

2. Kimpe masharti, makisio na taarifa ya ukaguzi siku ya pili, bila kungoja aombe.

3. Kimpeleke penye mizani siku ya tatu, kwa siku ya kupokea mazao hasa, asikae ofisini.

4. Kiwaagize mhasibu na mtunza ghala wamjibu maswali ya wanachama kwa hesabu na tarehe.

5. Kihakikishe kwamba majibu yanarudi kwa wanachama kabla juma halijaisha, na nakala inawekwa katika jalada la chama.

6. Kisitangaze taarifa yo yote aliyoiandika kabla haijasomwa na meneja na mhasibu, maana kosa la tarakimu moja huweza kuzaa uvumi wa msimu mzima.

Juma la pili na yanayofuata yatajipanga yenyewe yakitanguliwa na juma kama hili. Mwanafunzi aweza kusaidia kuandaa taarifa ya mkutano mkuu kwa lugha nyepesi, kutengeneza ubao wa matangazo unaosomeka, au kuorodhesha maswali ya msimu mzima na majibu yake yawe kijitabu. Kijitabu hicho kitamfaa karani mpya, kitamfaa mjumbe mpya wa bodi, na kitamfaa mwanachama aliyejiunga jana.

Tunayashauri mabaraza ya vyama yaliweke jambo hili katika ajenda kabla ya likizo ndefu ijayo, ili barua ya chuo itakapofika, pawe na mtu aliyekwisha teuliwa, vitabu viwe mezani, na siku ya mizani iwe inajulikana. Chama kisicho na Afisa Uhusiano nacho chaweza kufanya hivyo, kwa sababu kazi yenyewe ni ya zamani kuliko cheo: mwanachama ameuliza, na apewe jibu la kweli kwa wakati.